Dokta Hindorf na Miche 62

Hapa Kiomboi mkonge tunauona kandokando ya mashamba, nao wazee wengi wa Iramba waliujua zaidi walipokwenda Tanga kwa kazi ya manamba. Lakini nikiuliza darasani ni nani aliyeuleta nchini, wote hunyamaza. Kwa hiyo nimeona vema kuandika habari za Dokta Richard Hindorf.

Bwana huyu alizaliwa Ujerumani mwaka 1863. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, akaajiriwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotafuta zao la kustahimili ukavu. Alisoma habari za mkonge wa Meksiko, akaona kwamba ndio. Lakini Meksiko haikupenda mbegu yake itoke, basi mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilisafiri kwa meli hadi Hamburg, kisha Tanga. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu!

Mwingine angeandika hasara na kufunga daftari. Miche ile ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikaachwa izaane. Mkonge huchanua mara moja tu, kisha hufa. Lakini mlingoti wake huacha vichipukizi vingi sana, na shinani pia huchipua. Kufikia mwaka 1898 mimea ilizidi 60,000.

Hata hivyo, mimea peke yake si mali. Kilo 100 za majani hutoa kilo 4 hivi za katani. Yaliyobaki ni maji na makapi. Nani atasafirisha makapi? Ilibidi kila shamba kubwa liwe na korona yake na reli ndogo, fedha nyingi kabla ya kuuza hata robota moja, na jani la kwanza hukatwa baada ya miaka mitatu au minne. Kungoja huko, nadhani, kulikuwa kugumu kuliko safari ya baharini. Mwaka 1913 koloni iliuza nje zaidi ya tani 20,000.

Hindorf alifariki mwaka 1954, wakati Tanganyika ikiongoza duniani kwa katani. Jina lake limo vitabuni. Wakataji waliochomwa na miiba waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, na majina yao ni vigumu kuyapata. Mwanafunzi ambaye babu yake alikuwa mmoja wao aniletee jina hilo, pamoja na shamba alilofanyia kazi. Ninayo tayari manne.