Edgar Codd, rubani wa zamani aliyefundisha ordinateri kupanga habari katika majedwali

Kila siku, benki, mashule na hospitali duniani hutunza majina, feza na tarehe ndani ya majedwali ya ordinateri. Aliyeleta wazo hilo ni Edgar Frank Codd, Mwingereza aliyefariki tarehe 18 Aprili 2003 katika jimbo la Florida, inchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 79. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikawia zaidi ya miaka 10 kabla ya kuuza kile alichovumbua.

Codd alizaliwa mwezi wa Agosti 1923 kwenye kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya saba, na mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Alisoma hisabati na kemia kwenye chuo kikuu cha Oxford. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa rubani katika jeshi la anga la inchi yake.

Mwaka wa 1948 alihamia New York, akaajiriwa na kampuni IBM. Lakini mwaka wa 1953, Seneta Joseph McCarthy alipokuwa akiwasaka watu walioshutumiwa kuwa wakomunisti, Codd hakupendezwa na hali hiyo. Aliondoka Marekani, akaenda kuishi Ottawa, inchini Kanada. Baadaye alirudi, na mwaka wa 1965, akiwa amepita miaka 40, alipata udaktari kwenye chuo kikuu cha Michigan. Kisha akaenda kufanya kazi katika maabara ya IBM ya San Jose, California.

Wakati huo, habari ndani ya ordinateri zilifungamanishwa kama matawi ya mti. Ili kupata jibu moja, mtaalamu alipaswa kujua njia yote ya kupitia, tawi kwa tawi. Mpangilio ukibadilishwa, programu ziliharibika.

Mwezi wa Juni 1970, Codd alitoa makala yaliyopendekeza njia nyingine. Kila aina ya habari iwekwe katika jedwali lake, na majedwali yaungane kwa thamani zinazofanana tu, kama vile namba ya mtu. Mfano mmoja aliotumia ni wa wauzaji na vipuri. Muuzaji mmoja huleta vipuri vingi, na kipuri kimoja huletwa na wauzaji wengi. Haifai kurundika yote pamoja. Jedwali la tatu huwekwa katikati: kila mstari wake una namba ya muuzaji, namba ya kipuri na hesabu iliyoletwa. Muuzaji akibadilisha anwani, inasahihishwa mahali pamoja tu.

IBM haikukimbilia wazo hilo. Ilikuwa tayari inauza IMS, programu ya mtindo wa zamani iliyoiingizia feza nyingi. Hata hivyo, watafiti wake wa San Jose walianza kazi ya majaribio iliyoitwa System R. Hapo Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni lugha iliyokuja kuitwa SQL. Codd mwenyewe hakuridhika nayo, kwa sababu iliruhusu mstari uleule kurudiwa ndani ya jedwali, kinyume cha hisabati yake.

Wengine walisoma makala za watafiti hao na kwenda mbio. Larry Ellison na wenzake walifungua kampuni mwaka wa 1977, na mwaka wa 1979 walianza kuuza Oracle. IBM ilileta bidhaa yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka wa 1981, na DB2 mwaka wa 1983.

Mwaka huo wa 1981, Codd alipewa tuzo ya Turing, heshima kubwa kuliko zote katika elimu ya ordinateri. Hakutulia. Mwaka wa 1985 alitangaza kanuni zinazojulikana kama kanuni 12 za Codd, ili kufichua makampuni yaliyojidai kufuata njia yake bila kuifuata kweli.

Leo, kijana anayetengeneza programu anaweza kuunganisha wanafunzi na masomo yao kwa mistari michache tu. Mara nyingi chombo anachotumia kinamtengenezea lile jedwali la katikati bila yeye kuliona. Lakini kazi inayofanyika humo ni ile iliyoelezwa katika makala ya mwaka wa 1970.