Abraham de Moivre

Abraham de Moivre (Vitry-le-François, Ufaransa, 26 Mei 1667 – London, Uingereza, 27 Novemba 1754) alikuwa mwanahisabati Mfaransa aliyeishi Uingereza kama mkimbizi wa dini. Anajulikana kwa fomula yenye jina lake, inayounganisha namba changamano na trigonometria, na kwa kitabu The Doctrine of Chances (1718) kuhusu hesabu za uwezekano. Humo alionyesha, pamoja na mengine, jinsi ya kukokotoa faida ya mwenye benki katika michezo ya karata. Hesabu ya namna hiyo hufanywa hadi leo kabla aina mpya ya blackjack haijawekwa mezani katika kasino.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Waprotestanti. Baba yake alikuwa mpasuaji. Alisoma Sedan, Saumur na Paris. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta Hati ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu tangu mwaka 1598. De Moivre alifungwa katika monasteri mjini Paris ili abadili imani. Hakubadili, na baada ya kuachiliwa alihamia London.

Huko alipata riziki kwa kufundisha watoto wa matajiri nyumba kwa nyumba. Inasimuliwa kwamba alichana kurasa za Principia ya Isaac Newton akazibeba mfukoni, apate kuzisoma njiani kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine. Baadaye alikuwa rafiki wa Edmond Halley na wa Newton mwenyewe, na mwaka 1697 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Hata hivyo hakupata kamwe nafasi ya uprofesa, ingawa Leibniz alijaribu kumsaidia. Hata uzeeni aliendelea kufundisha, na katika mkahawa wa Slaughter's Coffee House alipokea ada ndogo kwa kujibu maswali ya wacheza kamari na ya watu wa bima. Kwa hiyo maswali ya kamari, ambayo kwa wataalamu wengi wa wakati ule yalikuwa burudani, kwake yalikuwa sehemu ya riziki.

Faida ya benki

Mchezo uliopendwa sana wakati huo ulikuwa Pharaon. Mchezaji huweka dau juu ya namba fulani ya karata, kwa mfano saba. Mshika benki hufunua karata mbili mbili kutoka katika karata 52: saba ikitoka ya kwanza, benki huchukua dau, ikitoka ya pili, benki hulipa kiasi hichohicho. Kwa macho mchezo ni wa haki kabisa. Lakini kuna masharti mawili madogo. Zikitoka saba mbili kwa pamoja, benki huchukua nusu ya dau. Tena karata ya mwisho kabisa hailipwi.

De Moivre alipima masharti hayo yana thamani gani. Hali nyepesi ni pale namba ya mchezaji imebaki mara moja tu. Kila nafasi ya kushinda ina nafasi ya kushindwa iliyo sawa nayo, isipokuwa ile ya mwisho, ambapo mchezaji alipaswa kulipwa lakini halipwi. Basi zikibaki karata 50, faida ya benki ni 1/50 ya dau, yaani asilimia 2. Zikibaki 10, ni asilimia 10. Anayesubiri mpaka karata ziishe ndipo aweke dau juu ya namba kama hiyo huzidi kuumia. Kwa namba iliyobaki mara mbili katika karata 50 faida hushuka hadi asilimia 1 hivi.

Kwa jumla alipata kwamba benki ya Pharaon hubaki na karibu pauni 3 katika kila pauni 100 zinazowekwa. Katika Bassette, mchezo wa karibu nao, haikufika hata pauni 1.

Si yeye aliyeanza. Pascal na Fermat walishaandikiana kuhusu kamari mwaka 1654, Huygens alichapisha kijitabu mwaka 1657, na Mfaransa Pierre Rémond de Montmort alichambua Pharaon mwaka 1708. De Moivre alipotoa makala yake ya Kilatini ya mwaka 1711, Montmort aliona amedharauliwa, na haki ya kutangulia katika mchezo huu ni yake.

Blackjack ina sharti la aina hiyohiyo: mchezaji akipita 21 hupoteza dau papo hapo, hata kama baadaye mgawa karata naye atapita.

Kazi nyingine

Mwaka 1725 alitoa kitabu kuhusu bei ya malipo ya kila mwaka ambayo mtu hununua ili alipwe hadi kufa. Ili kurahisisha hesabu alichukulia kwamba vifo husambaa sawasawa hadi umri wa miaka 86. Mwaka 1733 aligundua, katika makala fupi aliyowagawia marafiki, mchoro wenye umbo la kengele ambao leo ni msingi wa takwimu.

Akademia ya Sayansi ya Paris ilimpokea mwaka 1754, miezi michache kabla ya kufa kwake. Toleo la tatu la The Doctrine of Chances lilitoka mwaka 1756.