Mfalme wa zumari aliyegoma kusimama

Wadau, leo naomba tuiweke Bongo Fleva pembeni kidogo. Nataka niwapigie stori ya jamaa mmoja wa India ya kusini, marehemu wa siku nyingi, ambaye umaarufu wake wote ulitokana na kupuliza. Anaitwa T. N. Rajarathnam Pillai. Kwao Tamil Nadu walimpa cheo cha mfalme wa nagaswaram, na ukiuliza wazee wa muziki kule, wengi watakwambia kiti chake bado kiko wazi.

Nagaswaram ni dude gani? Kwa mtu wa pwani kuelewa ni rahisi. Chukua nzumari yetu, ile inayolia kwenye ngoma za Lamu na Unguja, halafu irefushe mara mbili. Ni ukoo mmoja kabisa: mdomoni kuna ulimi wa tete wenye pande mbili, chini kuna mdomo mpana kama tarumbeta, na sauti yake haihitaji spika. Ikipulizwa hekaluni, mtaa wa pili wanaisikia.

Na haitembei peke yake. Kundi lake lina wapulizaji wawili, mtu mmoja wa kushikilia sauti moja tu bila kukata kuanzia mwanzo mpaka mwisho, matuazi madogo ya kuhesabu mapigo, na ngoma iitwayo tavil. Hii tavil ni balaa. Mkono mmoja unapiga kwa fimbo fupi nene, mkono wa pili vidole vimevalishwa kofia ngumu zilizotengenezwa kwa uji wa wali uliokaushwa. Ukisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni ugomvi. Mwimbaji hayupo. Wapenzi wa taarab asilia mnaijua bashraf, ile wanayofungulia shughuli kabla mwimbaji hajashika maiki. Sasa fikiria usiku mzima ni vyombo tu, na hakuna anayeuliza mwimbaji yuko wapi.

Rajarathnam alizaliwa tarehe 27 Agosti 1898 kijiji cha Thirumarugal, kwenye nchi ya mpunga inayonyweshwa na mto Kaveri. Jina la kuzaliwa lilikuwa Balasubramaniam. Mjomba wake, Natesa Pillai, mpulizaji wa nagaswaram, alimchukua akamlea kama mwanawe na ndiye aliyempa jina jipya. Kwanza hakufundishwa kupuliza, alifundishwa kuimba, na mwalimu wake mmoja alikuwa mpiga fidla mkubwa wa enzi hizo, Thirukodikaval Krishna Iyer. Shikeni hilo la kuimba, maana baadaye watu walisema zumari yake haikuwa inapigwa, ilikuwa inaimba.

Baadaye akawa mwanamuziki rasmi wa nyumba ya watawa wa Kihindu ya Thiruvavaduthurai. Hapo ndipo kwenye utata, na ndiyo sababu nimeamua kuandika habari zake.

Muziki wa nagaswaram ulikuwa na heshima, ila wapigaji wake hawakuwa nayo. Bila wao mungu hatolewi hekaluni, bila wao harusi haiwi harusi. Lakini walitoka jamii iliyohesabiwa ya chini na matabaka ya juu. Mbele ya tajiri au mkubwa walitakiwa wasimame, kifua wazi, kitambaa cha begani kimefungwa kiunoni kuonyesha unyenyekevu. Kwenye maandamano ya usiku walipuliza huku wanatembea au wamesimama, saa nyingi. Wakati huohuo waimbaji wa tabaka la juu walikuwa wameanza kuketi jukwaani kwenye kumbi za Madras (jiji ambalo tangu 1996 linaitwa Chennai), watazamaji wamekata tiketi na wametulia kimya wanasikiliza. Zumari ilibaki nje mlangoni, ya kukaribishia wageni.

Rajarathnam akagoma. Alikata kile kishungi cha nywele ambacho watu wa kazi yake walikifuga, akachana nywele kisasa, akavaa koti na hariri, vidoleni pete za almasi. Akataka jukwaa. Akataka kuketi kama mwimbaji anavyoketi, na asikilizwe kama mwimbaji anavyosikilizwa. Ada yake ikawa kubwa, na aliyeona ghali alikuwa huru kutafuta mwingine. Wapo waliosema ana majivuno, na kusema kweli majivuno alikuwa nayo. Lakini mtu aliyeambiwa miaka yote afunge kitambaa kiunoni, ungetaka aombe kiti kwa sauti gani?

Pozi peke yake lisingemfikisha mbali, kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa na tatizo. Nagaswaram ya zamani ilikuwa fupi, kali, nzuri kwa barabarani, lakini ndani ya ukumbi inatoboa masikio. Pia sauti ya nne katika ngazi ya sauti saba haikutoka sawasawa, mpulizaji alikuwa anaikadiria kwa midomo. Rajarathnam akashirikiana na fundi Ranganathan Achari wa kijiji cha Narasingampettai. Wakahangaika na urefu, wakahangaika na matundu, mpaka ikapatikana nagaswaram ndefu yenye sauti nzito na tulivu, na ile sauti ya nne ikakaa mahali pake. Leo karibu kila mpulizaji anatumia hiyo ndefu. Mwaka 2022 nagaswaram ya Narasingampettai ilipewa hati ya India ya kulinda jina la mahali bidhaa inapotoka.

Sasa tuje kwenye Todi. Raga, kwa wasiojua, ni kama maqamu za taarab: sauti zake maalumu, namna ya kupanda na kushuka, mahali pa kutetemesha na mahali pa kutulia. Todi ni moja ya raga nzito, na inatumia ileile sauti ya nne iliyokuwa inasumbua. Rajarathnam na Todi ni kama jina moja.

Anaanza na sauti mbili tatu za chini, ngoma imenyamaza. Anazizunguka, anaziacha, anazirudia kwa njia nyingine. Anapanda kidogo. Unadhani sasa anakwenda juu, anarudi chini. Hakuna mapigo, hakuna karatasi, hakuna alichopanga jana, yote anayatunga palepale. Kwa muda mrefu anakunyima sauti moja ambayo masikio yako yameanza kuidai, na akiifikia umati mzima unapumua. Kisha tavil inaingia kumjibu. Miaka mingi aliyempigia ni Needamangalam Meenakshisundaram Pillai, fundi kwelikweli, aliyefariki 1949. Hawa wawili walisukumana, huyu anatupa, yule anarudisha kwa hesabu ngumu zaidi, na watazamaji wanahesabu mapigo kwa kupiga viganja mapajani ili waone kama ngoma itatua panapotakiwa. Ikitua, kelele. Halafu wapulizaji wananyamaza na ngoma inaachiwa uwanja peke yake.

Todi hiyo aliweza kuivuta kwa saa kadhaa, na kesho yake akaipiga tena bila kufanana na ya jana. Ndiyo maana watu walifunga safari. Santuri zake zilimfikisha kwenye nyumba ambazo hajawahi kukanyaga, na ya Todi ilikuwa maarufu sana, lakini santuri za zama hizo upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu. Mimi mwenyewe nilimsikia mara ya kwanza kafe, hedifoni upande mmoja imekufa, rekodi inakwaruza. Bado nywele zilinisimama. Nikajiuliza waliokaa mita kumi kutoka kwake walikuwa wanajisikiaje.

Alicheza na filamu pia, Kavi Kalamegham ya mwaka 1940, iliyoongozwa na Mmarekani Ellis R. Dungan. Tuipite hiyo.

Agosti 1947 India inapata uhuru, watawa wa Thiruvavaduthurai walituma ujumbe Delhi kumkabidhi Nehru fimbo ya dhahabu. Rajarathnam alikuwemo kwenye msafara, na nagaswaram yake ikalia usiku ule wa kuingia uhuru. Fimbo yenyewe ilirudi kwenye habari mwaka 2023 ilipowekwa kwenye jengo jipya la bunge, watu wakabishana sana maana yake. Mpulizaji hakutajwa sana katika ubishi huo.

Sitaki kumpaka mafuta. Pombe ilimshika, hasira zake zilijulikana, na kuna waandaaji waliokaa na umati wao wakimsubiri wee, asitokee. Pesa aliipata nyingi na ikapita vidoleni. Serikali ilimkumbuka mwaka 1955 kwa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, ile kubwa ya sanaa. Tarehe 12 Desemba 1956 akafariki Madras kwa moyo, ana miaka 58.

Mwanafunzi wake Karukurichi Arunachalam alichukua kijiti, akasikika nchi nzima kwenye filamu ya Konjum Salangai ya 1962, naye akaondoka mapema, 1964. Mwingine aliyefuata njia ya Rajarathnam alikuwa Sheik Chinna Moulana, Mwislamu kutoka Andhra, aliyehamia Srirangam kwenye hekalu kubwa la Kihindu na kupuliza huko mpaka uzeeni. Alifariki 1999. Kwa hiyo wale wanaodhani zumari ina dini, poleni.

Kila Desemba, mwezi aliofia mzee, Chennai kunakuwa na msimu wa maonyesho ya muziki huo kwenye kumbi kibao. Nagaswaram sasa imo ndani na wapulizaji wameketi. Ila mara nyingi wanapewa saa za ufunguzi, viti vingi vitupu, na ile saa nzuri ya jioni anawekewa mwimbaji. Wapulizaji wanalalamika mpaka leo.

Wadau wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja mnaowajua wapuliza nzumari wa kwetu, tupeni majina hapo chini. Na mtuambie, wakialikwa shughulini wanaketi wapi?