Marehemu Sheldrick na Ndovu wa Tsavo

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akishaiacha Voi, huwa na mbuga ya Tsavo kulia na kushoto hata afike Mtito Andei, katika Makueni. Upande wa kaskazini mbuga hiyo yapakana na Kitui. Hapo ndipo David Sheldrick alipofanya kazi kwa miaka mingi.

Alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1919, akaletwa Kenya angali mchanga. Katika Vita Vikuu vya Pili alipigana Uhabeshi na Burma. Tsavo ilipotangazwa mbuga ya taifa mwaka 1948, hazikupita siku nyingi akawa mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Alikuta nyika tupu, akapasua njia. Mwaka 1952 likajengwa bwawa la Aruba.

Adui wake wa kwanza alikuwa mshale. Waliangulu na Wakamba walikuwa mabingwa wa upinde, sumu wakiinunua kwa Wagiriama, na pembe zikiteremka Mombasa. Sisi watu wa pwani, basi, tusijifanye wageni katika habari hii. Katika msako wa 1956 na 1957 wawindaji wengi walitiwa gerezani. Waliojaa humo walikuwa wenye pinde kuliko wenye maduka.

Ndovu wakaongezeka, wakavunja miti hata pori likawa uwanda. Mtaalamu Richard Laws, aliyekuja kuwachunguza, alikwisha kuwaua 300 mwaka 1966 kwa ajili ya utafiti, akataka wengine zaidi ya elfu mbili. Sheldrick akakataa: aliona miti na ndovu hupokezana zamu, na mwenye kuingilia ataharibu. Laws akaondoka. Kisha ukaja ukame wa 1970 na 1971, wakafa ndovu wapatao 6,000, wengi wao majike na watoto wasioweza kwenda mbali na maji. Wapo waliomlaumu kwa vifo hivyo. Lakini majani yakarudi, na vichaka vikafuata. Mimi naona alikuwa na haki, ijapokuwa bei ilikuwa kubwa.

Mwisho wa 1976 alihamishiwa Nairobi. Juni 1977 moyo ukamsimama, akiwa hajatimiza miaka sitini.

Mjane wake, Daphne, aliyejua kuwatengenezea maziwa watoto wa ndovu walioachwa yatima, aliendeleza kazi hiyo kwa jina la mumewe. Mwaka 2004 yatima hao walianza kupelekwa Ithumba, upande wa Kitui, na mwaka 2014 msitu wa Kibwezi, Makueni. Baadhi ya wale wa Ithumba wamekwisha kurudi porini na kuzaa, na majike huja kuwaonyesha walezi wao vitoto vyao.