Herman Hollerith na Kadi za Matundu

Labda mtajiuliza kwa nini mwana wa mvuvi wa Kahendero aandike habari za Mmarekani aliyekufa mwaka 1929. Sababu ni madaftari ya samaki. Huko kwetu, kando ya Ziwa George, baba yangu ameandika kwa miaka mingi, bila kuagizwa na mtu, mambo yote ya mwaloni: tarehe, aina ya samaki, uzito, bei, idadi ya mitumbwi iliyotoka, upepo, hata wachuuzi walionunua. Likizo iliyopita niliyaingiza yote katika faili moja ya kompyuta, ili tujue kama ngege wanapungua. Lakini safu zilikuwa nyingi mno, nami nikapotea humo kama mgeni katika matete.

Mwalimu wetu wa hesabu akanionyesha kwamba programu ya takwimu si lazima imeze faili nzima. Katika ile iitwayo R kuna amri ya fread. Ukiiandikia neno select pamoja na majina ya safu unazozitaka, husoma hizo tu, na nyingine huziacha palepale. Nikachagua tarehe, aina na uzito. Kazi ikaenda upesi, nikachora mchoro, na kumbe uzito wa ngege unapanda! Nikarudi nyumbani nikijivuna. Baba akautazama mchoro kwa muda, kisha akaniuliza mitumbwi nimeiweka wapi. Nilikuwa nimeiacha. Uzito ulipanda kwa sababu mitumbwi iliongezeka, na kila mtumbwi ulileta samaki wachache kuliko zamani. Ilibaki siku moja tu mchoro ule usomwe mbele ya wavuvi wote, nao wangeamini kwamba ziwa lina afya. Mwalimu hakunicheka. Alinipa kusoma maisha ya Hollerith.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Husimuliwa kwamba alichukia mno somo la tahajia, hata siku moja akaruka dirishani kulikimbia (wadogo zetu wa madarasa ya chini wasilifanye hili kuwa ruhusa). Hata hivyo, mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 19 kama nilio nao mimi, alihitimu katika Chuo cha Columbia kwa masomo ya uhandisi wa madini. Mmoja wa walimu wake, Trowbridge, akamchukua kwenda kufanya kazi ya sensa ya mwaka 1880, yaani hesabu ya watu wote wa Marekani.

Huko aliona taabu kubwa. Watu walikuwa milioni 50, na makarani waliwahesabu kwa kutia alama za kalamu kwenye karatasi. Walipotaka kujua idadi ya wanawake walihesabu, na walipotaka kujua wangapi ni wageni, wakaanza tena. Kazi ilichukua zaidi ya miaka 7. Daktari Billings, mkubwa wa takwimu za vifo, akamdokezea kijana huyu kwamba hapana budi iwepo mashini ya kufanya kazi hiyo. Hollerith hakulisahau neno lile. Tena, akisafiri kwa gari la moshi, aliona jinsi mkaguzi alivyotoboa tiketi ili kuonyesha sura ya msafiri: rangi ya nywele, rangi ya macho, umbo la pua. Basi akawaza: kwa nini kila mtu katika taifa asiwe na kadi yake yenye matundu?

Alifundisha kidogo katika chuo cha MIT, akafanya kazi katika ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi, kisha akajitegemea. Mashini yake ya kwanza ilijaribiwa kwa hesabu ya vifo vya mji wa Baltimore. Mwaka 1889 serikali ilishindanisha njia tatu. Wapinzani wake wawili walihitaji zaidi ya saa 40 na zaidi ya saa 50 kujumlisha. Yeye alimaliza kwa saa 5 na nusu.

Sasa nieleze mashini yenyewe, maana hapa ndipo nilipojiona. Kadi iliwekwa katika kishinikizo, na karani akavuta mkono wa chuma. Sindano nyingi zikashuka. Penye karatasi sindano ilizuiwa. Penye tundu ilipita ikazama katika kikombe cha zebaki, umeme ukapita, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Saa hizo zilikuwa 40. Lakini matundu yote hayakuhesabiwa kwa pamoja. Fundi aliunganisha nyaya za mambo yaliyotakiwa tu, kwa mfano wanawake waliozaliwa ng'ambo, na matundu mengine yalipita kana kwamba hayapo. Wakitaka jambo lingine, walibadili nyaya na kuzipitisha tena kadi zilezile. Mwanzoni kubadili nyaya kulikuwa kazi ya fundi. Baadaye, mwaka 1906, alitia ubao wa kuchomekea, ndipo kazi ikawa nyepesi. Mimi naona neno select nililoandika siku ile ni mjukuu wa nyaya zile.

Kwa mashini hii sensa ya 1890 ilipata jumla ya watu milioni 62 na zaidi katika muda wa miezi tu. Mwaka uleule alioa, na baadaye akapata watoto 6. Urusi nayo ikaitumia mashini yake katika sensa ya mwaka 1897. Mwaka 1896 alianzisha kampuni yake, akawa hauzi mashini bali anazikodisha. Alikuwa mtu mkali asiyependa kupunguza bei, akagombana na wakuu wa sensa hata kazi ya mwaka 1910 ikafanywa bila yeye. Mwaka 1911 aliiuza kampuni, ikaunganishwa na nyingine, na mwaka 1924 muungano huo ukaitwa IBM. Yeye alijishughulisha na shamba na ng'ombe wake, akafariki mjini Washington tarehe 17 Novemba 1929.

Jambo moja alilishuhudia kabla ya kufa. Kadi za 1890 hazikuwa na majina ya watu. Majina yalibaki katika karatasi za makarani. Mwezi wa Januari 1921 moto ulizuka katika jengo la serikali mjini Washington, na karatasi nyingi za sensa ile zikaungua au kuharibiwa na maji. Katika miaka ya 1930 mabaki yakatupwa kwa amri ya serikali. Majumlisho ya mashini yapo hata leo, lakini mtu anayemtafuta babu yake katika mwaka ule kwa kawaida hampati.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani, kwa maana nilikumbuka kwamba mama huchana madaftari ya zamani ili kuwashia jiko. Mawili yalikuwa yamekwisha. Yaliyosalia sasa yamo katika sanduku la bati chini ya kitanda cha baba, na mchoro nimeuchora upya, safu ya mitumbwi ikiwamo.