Habib Saleh na Msikiti wa Riyadha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu, sisi watu wa pwani twapenda sana kutaja majengo yetu. Mgeni akitufikia twampeleka kwenye msikiti mkongwe, tukamwonyesha mihirabu na maandishi yaliyochongwa, kisha tukarudi majumbani tukidhani tumekwisha kuitimizia dini haki yake. Lakini jengo peke yake halihifadhi dini. Huko Ulaya, katika nchi ya Hispania, uko mji wa Córdoba ambao Waarabu huuita Qurtuba. Mle mna msikiti mkubwa ulioanza kujengwa mwaka 785 kwa amri ya Abdul-Rahman wa Kwanza. Nguzo zake zaidi ya 800 zingali zimesimama, na watu wa mataifa yote huja kuzitazama. Hata hivyo, tangu mwaka 1236 jengo lile ni kanisa, wala Mwislamu haruhusiwi kusali ndani yake. Mawe yamebaki, darasa limeondoka.

Kwa ajili hiyo tumependa kueleza maisha ya mtu ambaye alianza na darasa, jengo likaja nyuma yake. Naye ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilleil, anayejulikana na wengi kwa jina la Habib Saleh wa Lamu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Ngazija, katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu ambao asili yao ni Hadhramaut. Alikuja Lamu naye ni kijana, kwani jamaa zake walikuwako huko, akasoma kwa masheikh wa mji ule, akaoa, na akaifanya Lamu kuwa kwao.

Lamu ya siku zile ilikuwa mji wa daraja. Wenye nyumba za mawe walikuwa na upande wao, na masikini, wageni na watumwa walikuwa na upande wao. Elimu ya dini ilikuwa kama urithi wa nyumba kubwa, baba akimwachia mwanawe. Mtumwa alilima shamba na kuchukua mzigo, wala hakutarajiwa kujua zaidi ya kile kilichomtosha kusimamisha Sala yake.

Habib Saleh hakuridhika na utaratibu huo. Alikwenda Langoni, upande wa kusini, nje ya majumba makubwa, mahali pa mchanga na vibanda, akakaa huko na watu ambao wengine hawakutaka kukaa nao. Akawasomesha watumwa, na waliokuwa watumwa, na wageni waliokuja kutafuta riziki. Alikuwa pia tabibu, akitibu kwa dawa za miti, na mgonjwa aliyemjia hakuulizwa ukoo wake. Jambo hilo halikuwapendeza wakubwa wote wa mji, na sababu yake si ngumu kuijua. Anayemsomesha mtumwa humwambia, hata kama hasemi kwa ulimi, kwamba yeye na bwana wake ni waja wa Mola mmoja. Sheria ya serikali iliyoufuta utumwa katika Kenya ilikuja mwaka 1907. Darasa la Langoni lilikuwa limekwisha tangulia.

Karibu na mwaka 1900 ndipo uliposimama huko Langoni msikiti ulioitwa Riyadha. Jina hilo lilitokana na Riyadha ya Seiyun, Hadhramaut, ya Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Kutoka kwake ndiko Habib Saleh alikopata Maulidi ya Habshi, yanayosomwa kwa matari. Wako wanavyuoni waliopinga matari kuingia msikitini, nasi hatufichi kwamba twaelekea upande wao. Lakini uadilifu ni wajibu. Mtu huweza kukhitilafiana nawe katika jambo moja, akawa amekutangulia mbali katika jambo jingine. Riyadha ikawa nyumba ya elimu, wanafunzi wakaijia kutoka pande nyingi za pwani na visiwa, na wengi wao wakatoka kwenda kusomesha watu wengine.

Habib Saleh alifariki mwaka 1935, akazikwa Lamu, na wanawe wakaishika kazi yake. Hata leo, kila mwaka katika Mfunguo Sita, watu huja Lamu kwa maelfu kwa ajili ya maulidi, na wengi huzuru kaburi lake. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni wakazidi.

Haya twayaandika tukiwa Karurumo, nchi ya Waembu, chini ya Mlima Kenya, mbali na bahari. Huku Waislamu ni wachache, na mtoto anayetaka kusoma Kurani hana chuo mlangoni pake kama mtoto wa Lamu au Mombasa. Nasi tumeona, tena si mara moja, Mwislamu wa huku akiteremka pwani akaitwa mtu wa bara, na akaonyeshwa kwa macho kwamba mahali pake msikitini ni nyuma.

Basi twawauliza ndugu zetu kwa mapenzi. Mtu anayelipa nauli kila mwaka kwenda Lamu kumzuru Habib Saleh, na nyumbani kwake yuko mtumishi aliyetoka bara ambaye hajafundishwa hata alifu na be, amemzuru nani? Habib Saleh hakuyaacha majumba ya mawe ili jina lake liwe fahari ya wenye majumba. Anayempenda na aketi leo usiku na yule mtumishi wake, baada ya Isha, amfungulie juzuu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Saleh kwa kila herufi aliyomsomesha mnyonge, na atujaalie nasi kuwa na fungu katika kazi hiyo. Amin.