William Herschel na Joto Lisiloonekana

Mkaazi wa Kibwezi hahitaji kuambiwa kwamba jua lina joto. Jambo lisilofahamika na wengi ni kuwa sehemu ya joto hilo hubebwa na miale isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo, ambayo leo huitwa infraredi, iligunduliwa mwaka 1800 na William Herschel, mtu aliyeanza maisha yake kama mwanamuziki. Makala haya yanasimulia kwa ufupi maisha yake na umuhimu wake kwetu.

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 mjini Hannover, Ujerumani. Babake alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi, naye William akajiunga na bendi hiyo ujanani. Vita vilipozuka alihamia Uingereza mwaka 1757, akajitafutia riziki kwa kunakili na kufundisha muziki. Mwaka 1766 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath, na mwaka 1772 dadake, Caroline, akamfuata huko. Mchana ulikuwa wa muziki. Usiku ulikuwa wa nyota. Kwa kuwa hakuridhika na darubini za kununua, Herschel alisubu na kusugua vioo vya madini kwa mikono yake mwenyewe. Kwa darubini ya namna hiyo aliigundua sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781. Mwaka uliofuata Mfalme George wa Tatu alimtengea pauni 200 kwa mwaka, akauacha muziki kama kazi. Caroline naye, aliyegundua nyotamkia kadhaa, alianza kulipwa pauni 50 kwa mwaka mnamo 1787.

Alipokuwa akilitazama jua kupitia vioo vya rangi, Herschel alibaini kwamba baadhi yavyo vilipitisha joto jingi na mwanga kidogo, na vingine kinyume chake. Aliamua kupima. Aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kilichopakwa weusi katika kila rangi, na vingine kando kwa ajili ya kulinganisha. Katika zambarau joto lilipanda kwa nyuzi 2 za Fahrenheit, katika kijani zaidi ya 3, na katika nyekundu karibu 7. Kisha akakisogeza kipimajoto nje ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote. Huko joto lilizidi.

Mwanzoni aliliona joto hilo kuwa mwanga usioonekana. Kabla ya mwaka kwisha akabadili rai, akashikilia kuwa mwanga na joto ni vitu viwili tofauti. Wanasayansi wa baadaye walithibitisha wazo lake la kwanza. Hata hivyo, vipimo vyake vilibaki kuwa msingi. Alifariki tarehe 25 Agosti 1822. Mwaka 1840 mwanawe, John, alifanikiwa kupata picha ya joto la jua juu ya karatasi iliyopakwa masizi na kuloweshwa kwa spiriti.

Baadhi ya kamera za leo za infraredi huigawa miale itokayo katika kila nukta ya kitu kuwa mamia ya mikanda myembamba. Maji, mafuta na protini hufyonza miale kwa namna tofauti, hivyo kila kitu huacha alama yake. Kwa njia hiyo huchunguzwa madini, udongo na hata tishu za mwili.

Umuhimu wa jambo hili unafahamika vyema Ukambani. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa nchini Kenya, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Punje yenye sumu huweza kuonekana safi kabisa. Watafiti wamezijaribu kamera hizi katika kuzitambua punje hizo, ijapokuwa kinga ya kwanza ya mkulima ingali kuyakausha mahindi vizuri na kuyahifadhi pakavu.

Herschel hakulitegemea jicho pale kipimo kilipopatikana. Kwetu wanafunzi wa Kiswahili kuna wajibu wa ziada: kuyaeleza maarifa haya kwa lugha ambayo mwenye ghala la mahindi ataielewa kabla hajapika.